Shule Ikishindwa, Ni ya Nani?

Mwezi huu twataka kulitafakari pamoja nanyi swali moja lililomo vinywani mwa wazazi wengi. Shule ya kijiji imekaguliwa. Wakaguzi wamekwenda zao, na taarifa yao imekuja, nayo yasema kwamba shule ina upungufu mkubwa. Je, mzazi afanyeje? Akasirike? Amwondoe mwanawe? Awashitaki waalimu? Au anyamaze na kusema kwamba ndivyo mambo yalivyo? Swali hili laonekana kuwa la elimu, lakini kwa kweli ni la haki. Maana ndani yake limo swali la pili, nalo ndilo lililo gumu: shule ni ya nani?

Liko neno tulilolisikia mara nyingi, nasi twaomba mliangalie mtakapolisikia tena. Shule ikifaulisha watoto wengi katika mtihani wa darasa la saba, watu wote husema, "Shule yetu imefanya vema." Mwaka ukigeuka, shule ikawa ya mwisho katika kata, watu wale wale husema, "Waalimu wale hawafai," au, "Hiyo ni shule ya serikali, sisi tutafanyaje?" Shule haikuhama mahali pake, kuta ni zile zile, na watoto ni wale wale waliotoka katika nyumba zetu. Kilichoondoka ni lile neno "yetu".

Tutawaeleza habari za kijiji kimoja. Jina lake hatulitaji, kwa sababu hatutaki kukiaibisha, na kwa sababu yaliyotokea huko hutokea mahali pengi. Katika mwaka 2022 walifika huko wathibiti ubora wa shule, ambao wazee bado huwaita wakaguzi. Wakakaa siku mbili, wakaingia madarasani, wakatazama madaftari, wakahesabu madawati na matundu ya vyoo, wakazungumza na kamati ya shule. Baadaye taarifa ikaletwa, na mwenyekiti wa kijiji akawaita wazazi chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi. Mwalimu mkuu ndiye aliyeisoma, akiwa amesimama.

Mambo aliyoyasoma yalikuwa mazito. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia kwa mwalimu mmoja, na hali kanuni ya serikali ni watoto 45. Vyoo havikutosha, kanuni yataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na huko watoto walipanga safu ndefu kila mapumziko. Waalimu wawili hawakuwa na maandalio ya masomo yao. Katika darasa la tatu, zaidi ya nusu ya watoto hawakuweza kusoma habari fupi ya darasa la pili. Tena siku za gulio madarasa yalikuwa nusu matupu. Mwisho kabisa taarifa ilisema kwamba wazazi wachache mno walikuwa wakileta mahindi ya uji, na kwamba mikutano ya wazazi ilihudhuriwa na watu wa kuhesabika kwa vidole.

Mwalimu mkuu alipomaliza, palikuwa kimya kwa muda. Kisha mzee mmoja akasimama, mtu mwenye heshima, mzee wa kanisa, akasema, "Waalimu wamekula mshahara wa bure. Na waondolewe." Watu wakampigia makofi. Mwingine akasema kwamba wakaguzi hao wana chuki na mwalimu mkuu, ndiyo sababu wameandika vile. Wa tatu, mwenye duka, akasema kwa upole kwamba yeye amekwisha kuamua: wanawe wawili watakwenda mjini katika shule ya kulipia, ile yenye basi la rangi ya njano. Hakuna aliyelitaja gulio, wala uji. Sehemu zile za taarifa zilipita masikioni mwa watu kama mvua ipitavyo juu ya jani la mgomba.

Sasa na tuseme kweli. Je, yule mzee alikosea kukasirika? Hakukosea. Mwalimu anayeingia darasani bila maandalio huwadhulumu watoto, nao hawawezi kumshitaki. Mtoto wa miaka minane hajui kwamba amenyimwa kitu. Atajua akiwa na miaka ishirini, na wakati huo hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo hasira ya mzazi ni haki yake. Lakini hasira ni kama moto wa jikoni: ukikaa mafigani hupika, ukitoka huunguza nyumba. Yapasa kuuliza hasira yetu imekaa mahali gani.

Jioni ile yule mzee wa kanisa alirudi nyumbani kwake. Anaye binti wa darasa la nne, ambaye kila jioni humsomea baba yake kitabu cha shule kwa sauti nzuri, bila kusita, na baba husikiliza kwa furaha. Siku ile, kwa kuwa moyo wake haukutulia, alikichukua kile kitabu, akakifungua mbele zaidi, katika habari ambayo binti hajaifikia, akamwambia, "Mwanangu, nisomee hapa." Binti akalitazama neno la kwanza muda mrefu. Akalitazama la pili. Kisha machozi yakamtoka. Ndipo baba alipotambua kwamba mtoto hakuwa akisoma siku zote hizo. Alikuwa amekariri. Alizisikia sauti za wenzake darasani, akazishika, akajua mahali pa kufungua ukurasa. Alikuwa na akili nyingi, na akili yake yote alikuwa ameitumia kuficha kwamba hajui.

Mzee yule alitusimulia habari hii mwenyewe, akasema, "Mwaka mzima nimesikiliza, nami sikuwahi kufungua kitabu katikati." Twaona neno hili lina maana kubwa kuliko hotuba zote zilizotolewa chini ya mwembe.

Wala jambo hili si la mtoto mmoja, wala si geni. Mwaka 2010 mradi uitwao Uwezo ulianza kuwapima watoto wa Tanzania kusoma na kuhesabu, nao waliwafuata nyumbani kwao, mbele ya wazazi wao. Waliona kwamba katika watoto wa darasa la tatu ni kama mmoja tu katika watatu aliyeweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Wazazi wengi siku ile ndipo walipojua, ingawa mtoto alikuwa amelala chini ya paa lao miaka yote. Huko Uingereza nako, tangu mwaka 1862, chini ya kanuni iliyoletwa na Robert Lowe, fedha za serikali kwa shule zilipimwa kwa kadiri watoto walivyofaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Matokeo yake yakawa nini? Waalimu waliwakaririsha watoto kitabu kizima, na husimuliwa kwamba wako watoto walioweza "kusoma" hata kitabu kikiwa kimegeuzwa juu chini. Mshairi Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule tangu mwaka 1851 hata mwaka 1886, aliipinga kanuni ile, akiona kwamba yawafanya waalimu wafundishe kwa ajili ya mkaguzi wala si kwa ajili ya mtoto. Mwishoni mwa karne ile ikaondolewa.

Hapa hatuna budi kukiri neno letu, maana sisi tunaoandika ni waalimu, wala si haki kuyataja makosa ya wazazi na kuyafunika yetu. Sisi nasi tumekaguliwa. Na yako mambo tuliyoyafanya siku za ukaguzi ambayo hatujivunii. Tuliwaketisha mbele watoto wajuao kusoma. Tuliwafundisha watoto wote wainue mikono, ajuaye mkono wa kuume, asiyejua mkono wa kushoto, ili tujue wa kumwita. Na wale wasiojua kabisa tuliwatuma kuchota maji na kubeba mchanga, wakakaa kisimani mpaka gari la wageni lilipoondoka. Wazazi wengine walijua, wakacheka, wakasema kwamba mwalimu wetu ni mjanja. Mkaguzi akaandika kwamba kusoma ni kuzuri.

Tulidhani tumemdanganya mkaguzi. Lakini mkaguzi alipanda gari lake akaenda, wala hakupungukiwa na kitu. Aliyepungukiwa ni mtoto wa kisimani. Kama angalionekana siku ile, huenda angalisaidiwa. Sisi tulimficha ili tusiaibike, naye akaendelea kupanda darasa baada ya darasa, mpaka akamaliza shule asijue kuandika barua. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Sisi tuliongeza ubaya juu yake: maradhi tuliyoyaficha hayakuwa yetu, yalikuwa ya mtoto wa mwenzetu.

Kwa hiyo twasema kwamba taarifa mbaya iliyo kweli ni bora kuliko taarifa nzuri iliyo uongo, na mzazi aipatapo asiikimbie. Ufa umeonekana, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na wenye kusema kwamba mkaguzi ana chuki, na waende kwanza darasani wakaone kama aliyoyaandika yapo au hayapo. Kama hayapo, na waseme kwa ushahidi. Kama yapo, chuki ya mkaguzi haiwezi kuyaondoa.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Hukumu yaweza kuwa ya kweli, na bado ikatolewa au ikapokewa kwa ukatili. Huko Uingereza idara ya ukaguzi iitwayo Ofsted, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa miaka mingi iliihukumu shule nzima kwa neno moja tu: ama bora sana, ama nzuri, ama yahitaji kurekebishwa, ama haifai. Mwezi Januari 2023 mwalimu mkuu wa shule moja ya watoto katika mji wa Reading alijiua baada ya shule yake kushushwa kutoka neno la juu kabisa mpaka neno la chini kabisa. Desemba mwaka ule uchunguzi wa kisheria juu ya kifo hicho ulionyesha kwamba ukaguzi ule ulichangia. Na mwezi Septemba 2024 serikali ya huko iliacha kutoa hukumu ya neno moja kwa shule za serikali.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba shule haiwezi kuingia ndani ya neno moja, wala mwalimu. Ndani ya shule yenye upungufu yumo mwalimu wa darasa la pili anayefika kabla ya jua kuchomoza, akawafundisha watoto wasiohesabika kwa chaki aliyoinunua mwenyewe. Tukisema "waalimu wote hawafai", twampiga yeye pamoja na mvivu. Na ajabu ni kwamba mvivu haumii, anayeumia ni yeye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzazi ambaye nyumbani hushindwa kuwatuliza watoto watano wakati wa chakula, na ajiulize angefanyaje na mia. Basi na tulihukumu tendo, tukilitaja kwa jina lake: maandalio hayapo, kufika ni saa mbili badala ya saa moja na nusu, kusoma hakufundishwi kila siku. Tendo likitajwa laweza kurekebishwa. Mtu akitukanwa, hujitetea tu.

Tena si kila upungufu ni wa mwalimu, wala si kila upungufu ni wa mzazi. Nchi yetu imejaribu zaidi ya mara moja kufanya jambo jema kwa haraka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waingie shule ya msingi upesi, na mwaka 1977 ukawa mwaka wa kulitimiza. Watoto waliingia kwa wingi, nalo ni jambo la kushukuru, lakini waalimu hawakutosha, ikabidi wengi wafundishwe ualimu huku wakifundisha. Watu wakafanya mzaha, wakasema kwamba herufi U.P.E. maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Tena tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa, na watoto wakafurika darasa la kwanza kuliko vyumba vilivyokuwapo. Darasa la watoto zaidi ya mia si kosa la mwalimu aliyesimama mbele yao, wala si kosa la mama aliyemleta mwanawe. Hapo wa kuulizwa ni wenye mamlaka, na kuwauliza kwa adabu na kwa maandishi si uasi. Ni wajibu. Raia asiyeuliza huwafundisha viongozi kwamba ameridhika.

Lakini mwaka ule wa 2016 palitokea kosa ambalo ni letu wazazi. Serikali ilisema kwamba elimu ni bila malipo. Sisi tukasikia kwamba elimu ni bila mzazi. Waraka wa elimu namba 3 wa mwaka ule uliwaachia wazazi sare, madaftari, na chakula cha mtoto. Wengi wetu tuliuelewa kana kwamba umetuachia usingizi. Na wathibiti ubora wa siku hizi hawaangalii waalimu peke yao. Miongoni mwa mambo wanayoyapima ni ushirikiano wa jamii na shule yake. Yaani yule mzee aliyesimama chini ya mwembe akisema waalimu waondolewe, hakutambua kwamba sehemu ya taarifa ile ilikuwa imemwandika yeye. Katika siku za gulio watoto hawakuondolewa darasani na mwalimu. Waliondolewa na mama zao, wauze nyanya, na baba zao, wachunge mbuzi. Tena hatusemi haya kwa dharau, maana twaijua njaa. Mama aliyemtuma mwanawe na beseni la nyanya hakumchukia; alitafuta chumvi na mafuta ya taa. Lakini siku moja katika kila juma ni siku zaidi ya thelathini katika mwaka wa shule. Ukizihesabu kwa miaka saba, mtoto amekosa zaidi ya mwaka mzima wa masomo, wala hakuna mkutano uliowahi kukaa na kuamua kwamba akose.

Sasa twaja kwa yule mwenye duka, maana hoja yake ndiyo ngumu kuliko zote. Je, ni dhambi kumwondoa mtoto wako katika shule iliyoshindwa? Wako wasemao kwamba ni usaliti. Sisi hatuwezi kusema hivyo. Mzazi amekabidhiwa kwanza mtoto wake mwenyewe. Miaka ya mtoto haingoji. Mwaka wa darasa la tatu ukipita haurudi, hata kama kamati itakutana mara kumi. Kumwambia mzazi amtoe mwanawe awe sadaka ya shule, ili wengine wasaidike, si neno la haki, na mara nyingi wanaolisema wanao wana wao katika shule za mbali.

Lakini tazama yatokeayo. Katika kila kijiji wako watu wachache wajuao kuandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, wasioogopa kumwuliza mwalimu mkuu hesabu za fedha, wanaosikilizwa wakisimama. Hao ndio wenye uwezo wa kulipa ada ya mjini. Wakiondoa watoto wao huondoa na sauti zao. Shule hubaki kwa mjane, na kwa mtu asiyejua kusoma, na kwa mtoto aliyeachwa kwa bibi yake. Mwaka unaofuata huwa mbovu zaidi, na wale walioondoka husema, "Mnaona? Tulifanya vema kuondoka." Nao hawatambui kwamba kuondoka kwao ni sehemu ya sababu.

Fikirini nyumba inayovuja. Mpangaji, mvua ikimlowesha, hufunga mizigo yake akatafuta nyumba nyingine. Wala hatumlaumu, kwa kuwa nyumba si yake. Mwenye nyumba hapandi gari. Hupanda juu ya paa. Huenda usiku ule akawapeleka watoto walale kwa jirani wasilowe, na hilo ni busara; lakini asubuhi yeye mwenyewe atakuwa juu, na makuti mikononi. Basi swali tunalomwuliza mwenye duka silo kwamba watoto wake walale wapi. Twamwuliza, "Wewe ni mpangaji, au ni mwenye nyumba?" Kama ni mwenye nyumba, anaweza kuwapeleka wanawe mjini na bado akaketi katika kamati, akaleta mahindi yake, akaandika ile barua. Maana watoto wanaobaki ndio watakaokuwa majirani wa wanawe, na waganga wao, na wajumbe wao wa kijiji, na wakwe zao. Hakuna basi la kumpeleka mtoto mbali na kizazi chake mwenyewe.

Na yule asiyeweza kulipa ada ya mjini, yeye afanyeje? Asidhani kwamba hana la kufanya mpaka paa lote litengenezwe. Huku fundi akiwa juu, walio chini hukinga maji kwa sufuria. Mambo tunayoyataja ni madogo, lakini yamo mikononi mwetu leo. Kila jioni mtoto na asome kwa sauti kwa muda wa kuivisha chai. Mzazi ajuaye kusoma na afungue kitabu katikati, mahali mtoto asipopatazamia. Mzazi asiyejua kusoma na aweke kidole chake juu ya neno lo lote, amwulize, "Hili ni nini?" kisha arudi kwenye neno lile lile baada ya muda; mtoto akilitaja kwa namna mbili, atajua kwamba kuna jambo. Asimpige wala asimcheke, maana mtoto akichekwa atarudi kukariri. Kesho yake na amwendee mwalimu, amwambie kwa upole, "Mwanangu hajui kusoma, nisaidie nami nikusaidie." Mwalimu aliyeambiwa hivyo na wazazi wawili hatatulia. Akiambiwa na wazazi ishirini, atabadilika, au wenye mamlaka watambadilisha.

Mtauliza mwisho wa kijiji kile. Mkutano wa pili uliitishwa baada ya majuma mawili, na aliyeomba uitishwe alikuwa yule mzee wa kanisa. Alisimama, akawaomba radhi waalimu kwa neno la kusema wote wamekula bure, akabaki na neno lake juu ya wale wawili wasioandaa masomo. Wakamsikia, na mmoja wao akainamisha kichwa. Kisha akaeleza habari za binti yake mbele ya watu wote. Haikuwa rahisi kwake. Alipoketi, wazazi wengine walianza kusema, mmoja mmoja, kwamba nao wamekwenda kutazama, na yaliyoonekana ni yale yale. Wakaamua mambo manne. Siku ya gulio mtoto akionekana sokoni saa za masomo, mtu mzima ye yote na amwulize, amrudishe. Kila nyumba ilete debe moja la mahindi baada ya mavuno. Barua iandikwe kuomba mwalimu wa pili wa darasa la kwanza. Na matundu ya vyoo yachimbwe kwa nguvu za watu, bila kungoja.

Hatutawadanganya kwamba yote yametimia. Vyoo vilichimbwa. Mahindi yalikuja, ila si kutoka nyumba zote. Barua ya kwanza haikujibiwa. Waliandika ya pili, na mwenye duka ndiye aliyeipeleka halmashauri kwa mkono wake, ingawa wanawe hupanda lile basi la njano kila asubuhi. Gulio bado huvuta watoto wengine, hasa miezi ya njaa. Mwalimu mmoja alijirekebisha. Wa pili bado huzungumzwa katika kamati. Na yule binti sasa husoma polepole, akisita mara nyingi, si kwa ile sauti nzuri ya zamani. Baba yake asema kwamba kusita kule humpendeza kuliko ufasaha wa kwanza, kwa sababu sasa ni kusoma.

Basi, ndugu zetu, siku taarifa mbaya itakapofika katika kijiji chenu, msiulize kwanza nani alaumiwe. Someni taarifa yote, hata ile sehemu inayowataja ninyi. Wapeni waalimu haki yao, lawama kwa tendo na shukrani kwa tendo. Waulizeni wenye mamlaka lililo lao. Na mtakaporudi nyumbani, kabla ya kulala, fungueni kitabu cha mtoto katikati.

Kwa maana shule ikishindwa, ni yetu, kama ilivyokuwa yetu iliposhinda. Sisi tumesema tuliyoyaona. Mwenye neno jingine, au mwenye kutupinga, na aandike, nasi tutamsoma kwa furaha.